Nani Alale Kabini Gani

Watu wengi hudhani kuuza tiketi za bato, meli yetu ya ziwani, ni kuandika tu. Unaandika jina, unakata karatasi, unasema "safari njema, mama," basi. Kama ingekuwa hivyo wangeweka mashine pale dirishani mwa biro, ofisi yetu, na mimi ningekaa nyumbani nikipika sombe. Kazi yangu, kwa miaka yote niliyokaa bandarini Goma, ilikuwa kujua nani anaweza kulala chumba kimoja na nani. Hiyo mashine haiijui.

Bato letu liliondoka Goma jioni na kufika Bukavu asubuhi. Chini kulikuwa na mabenchi ya mbao, katikati viti vya kitambaa, na juu kabisa kabini kumi na mbili. Kila kabini vitanda vinne, viwili chini na viwili juu yake, na ngazi ya chuma katikati. Mtu akija peke yake nilimpa kitanda. Wakija bwana na bibi na watoto wadogo niliwapa kabini nzima na kuwaombea usingizi. Lakini ikija familia yenye vijana, hapo niliweka kalamu chini kwanza, nikavuta pumzi.

Fikiria mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na tano, sauti imeshavunjika, halali chumba kimoja na mama yake mzazi. Kwetu hilo si jambo la kujadili. Baba naye halali chumba kimoja na binti yake mkubwa. Mama mkwe na mkwewe wa kiume ndiyo usiseme, hata ukiwawekea ukuta katikati watakesha nje kwenye baridi ya ziwa, kila mmoja upande wake, na nimewaona kwa macho yangu. Wakristo wa Rutshuru na Masisi wanalishika hilo, na sisi Waislamu ambao babu zetu walikuja Goma na biashara kutoka Maniema tunalishika vile vile. Marehemu baba yangu alikuwa akipeleka vitenge Bukavu, na aliniambia nikiwa bado mdogo: "Ukitaka kujua heshima ya mutu, angalia namna anapanga vitanda wageni wakija."

Kwa hiyo nilikuwa na dawa yangu. Ikija familia ya kwanza yenye vijana, niliwaambia wangoje kwenye benchi. Ikija ya pili, niliwaita wote dirishani, watu ambao hawajawahi kuonana, nikawagawa. "Mama, huyu ni mama mwenzako. Nyinyi wawili na mabinti zenu, kabini ya tano. Papa, wewe na huyu papa na vijana wenu, kabini ya saba." Wengine walinuna. Mke wa mchungaji mmoja aliniuliza kama sioni kwamba huyo mwenzake amevaa hijabu. Nikamjibu, "Naona, mama, na yeye anauona msalaba wako, na wote wawili mutakoroma." Walishuka Bukavu wakisaidiana mabegi. Katika kabini zangu zilitoka ndoa mbili ninazozijua na kesi moja ya mbuzi, lakini hiyo ya mbuzi nisilaumiwe.

Vijana wenyewe niliwapenda, ingawa walifika dirishani midomo imevimba. Hakuna kijana anayetaka kwenda Bukavu kumsalimia bibi yake likizo nzima. Kampuni iliahidi familia za kabini chai ya maziwa na mandazi asubuhi, mto safi, na ruhusa ya kupanda kwa kapiteni bato likipita kisiwa cha Idjwi. Wazazi walifurahi sana. Kijana aliuliza kitu kimoja tu, umeme wa kuchajia simu uko kabini gani. Nilijua. Ulikuwa kabini ya saba, kitanda cha juu upande wa dirisha, na ilikupasa uishikize plagi kwa kandambili ndipo ikubali. Nimeona kijana ambaye hakuwa amesema na baba yake tangu Jumapili akimbebea baba huyo mzigo kwa heshima zote, ili tu mimi nimwone na kumpa kitanda hicho. Nilimpa.

Sasa lazima niseme jinsi nilivyoandika, kwa sababu kosa langu lilikuwa humo humo. Listi ya abiria, ile iliyokwenda na bato na kusomwa na wakaguzi ng'ambo, niliiandika kabini kwa kabini, kwa jina la mkubwa aliyelala humo. "Papa fulani na vijana watatu." "Mama fulani na mabinti wawili." Sikuandika jina la mtoto wala mzazi wake. Kwetu mtoto aliye mbele ya mkubwa ni mtoto wa huyo mkubwa, atamtuma maji, atamkemea, atamfunika akisinzia. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza, na mimi niliona ni adabu nzuri, na pia kalamu haichoki.

Pembeni nilikuwa na daftari langu mwenyewe, la penseli. Humo nilichora kila kabini, vitanda vinne, na katika kila kitanda neno langu la kunikumbusha. "Anakoroma." "Asipewe cha juu, ana mimba." "Hawa wawili wamegombana." Hilo daftari halikuwa la mtu mwingine. Wenzangu walilicheka, nami niliwaacha wacheke.

Mlima wetu wa moto nao nilikuwa naujua. Nilikuwa msichana uliposhuka mara ya kwanza mbele ya macho yangu, ukapita katikati ya mji, ukachukua nyumba ya baba na cherehani ya mama na daftari zangu zote za masomo. Tulijenga tena juu ya jiwe lile lile, kama kila mtu wa Goma. Kisha wakaja waasi, wakaenda, wakaja wengine wenye jina lingine, na kila barabara ilipofungwa watu walibaki na ziwa tu. Biro yetu haikukosa kazi. Ni aibu kulisema, lakini shida za watu ndizo zilizotulisha.

Mara hii ya pili moto ulishuka ukasimama kabla ya kufika katikati ya mji, tukasema Mungu ni mkubwa. Tulisema mapema mno. Ardhi ikaanza kutetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na asubuhi moja redio ikatangaza kwamba mitaa mingi ihame. Nilimpeleka mama yangu kwa dada yangu Sake, nikarudi bandarini. Sijawahi kuona watu namna ile. Magodoro kichwani, mbuzi, televisheni iliyofungwa ndani ya kitenge, mzee aliyebeba mlango wa nyumba yake. Shefu wetu akasema mabenchi yajazwe mpaka bato lishibe, na kabini wapewe wagonjwa, wazee na wamama wenye watoto, bila kuuliza tiketi. "Wewe panga," akaniambia. "Wewe ndiye unajua." Nilijisikia mkubwa, nasema ukweli. Nikapanda juu ya kreti ya soda na daftari langu, nikaanza kugawa.

Katika watu hao alikuja mama mmoja mwembamba, kitenge chake kimejaa majivu. Alimshika mkono binti wa kama miaka kumi na miwili, na nyuma yao alisimama kijana mrefu wa shati la njano, anayaangalia maji kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua. Nikawauliza kama nilivyouliza kila mtu. Mama akasema kwao ni Kiwanja, huko Rutshuru, walikimbia vita ya waasi wakaja kambini Kanyaruchinya, kambi ikaisha lakini wao wakabaki, wamepanga kijumba cha mbao, na hicho kijumba sasa kiko chini ya moto. Ana dada wa ukoo Bukavu. Hawajawahi kupanda bato.

"Kijana ana miaka mingapi?" nikauliza.

"Kumi na tano."

"Sawa. Wewe na binti, kabini ya tano na wamama. Yeye, kabini ya saba na wapapa."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Minataka tulale naye."

"Kabini ya tano ni ya wamama."

"Basi tukae naye huko chini, kwenye mabenchi. Ao nje. Hatuna shida ya kitanda. Sitaki niachane naye."

Mabenchi yalikuwa yamejaa, na nyuma yake kulikuwa na watu mia wanasukumana. Nilikuwa na njaa, na jua lilikuwa linanipiga. Lakini hizo ni sababu ninazozitafuta leo. Ukweli ni kwamba alinikasirisha, kwa sababu alikataa mpango wangu mbele ya watu. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi getini, "Mutoto mukubwa vile, sauti sawa ya papa wake, alale na wamama? Kwenu Kiwanja njo munafanya vile?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Wamama wawili wa kabini ya tano wakatazamana. Yule mama akainamisha uso, na sikuona tena macho yake, niliona kilemba tu. Kijana ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake nzito mpya ambayo bado ilikuwa inamshangaza mwenyewe, "Mama, nenda tu. Tutaonana kesho asubuhi."

Nikampa kitanda cha juu upande wa dirisha, kile chenye umeme. Hakuwa na simu. Nilidhani nimemtendea wema.

Kwenye kabini ya saba alikuwako muzee mmoja mshonaji na wajukuu wake wawili. Nikaandika kwenye listi: muzee fulani na vijana watatu. Kwenye kabini ya tano, kati ya wengine: mama fulani na binti mmoja. Na kwenye daftari langu la penseli, ndani ya kile kitanda cha juu: "Mtoto wa mama wa Kiwanja. Njano. Anaogopa maji." Kisha nikaita familia iliyofuata.

Kesho yake mchana karani wa bato alinipigia simu kutoka Bukavu. Aliniambia habari nyingine kwanza, mafuta, foleni ya kushusha watu, ndipo akasema, "Halafu kuna shida ya kabini yako ya saba."

Ilikuwa hivi. Bukavu kulikuwa na maneno kwamba waasi wanajipenyeza kati ya watu waliokimbia mlima. Wakaguzi wakasimama kwenye ngazi na listi mkononi, wakamtenga kila kijana wa kiume asiye na mtu. Walipofika kwa muzee mshonaji wakamuuliza, "Hawa watatu ni wako?" Yule muzee ni mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumponya, akajibu, "Hawa wawili ni wajukuu wangu. Huyu tulilala naye tu, jina lake silijui." Wakamvuta kijana pembeni na kumvua shati. Kwenye bega la kulia wakakuta alama nyeusi, ngumu, ya kitu kilichokaa hapo muda mrefu. Mkanda wa bunduki, wakasema. Mama akaja mbio akilia kwamba ni mwanawe. Mkaguzi akafungua listi, akamwonyesha: hapa una binti mmoja, mama, huna mvulana. Mwandiko wangu huo.

"Wako naye wapi?" nikauliza.

"Kwenye stoo ya bandari, na wenzake. Wanasema keshokutwa asubuhi lori litawachukua."

"Kuwapeleka wapi?"

"Nani anajua?" akasema karani.

Sote wawili tulijua maana yake. Katika vita zetu kijana akishapakiwa kwenye lori la namna hiyo, anayebaki nyuma ni mama yake anayezunguka na picha. Nilikaa chini pale pale, kwenye kreti yangu ya soda. Nilimwonea huruma yule mama, na nilijionea hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini kila mara niliyelipa ni mimi. Mara hii mdomo ulikuwa wangu na mtoto alikuwa wa mwingine.

Nikamwambia shefu kwamba naondoka na bato lingine, la jioni hiyo. Akaniuliza kama nina akili, siku kama hizi, nani atapanga watu. Nikamwambia yeyote mwenye kalamu, kwa sababu mimi nimeshapanga vya kutosha. Nikasafiri chini, kwenye mabenchi, na daftari langu ndani ya nguo.

Walikuwa nje ya geti la bandari, kwenye simenti. Mama ameketi wima, hajalala tangu juzi, ilionekana. Binti ameweka kichwa kwenye mapaja yake. Na upande wa pili, nilishangaa, yule muzee mshonaji, cherehani yake imefunikwa gunia. Wajukuu amewapeleka kwa ndugu, yeye amerudi. Alinisalimia kwa heshima na kunivuta kando.

"Ni mimi nilimukana," akasema. "Sasa nawaambia ni mutoto wa huyu mama, wanasema muzee, jana ulisema humujui. Kila neno ninaloongeza linaharibu. Kwa hiyo ninakaa tu naye." Akafuta miwani. "Unajua huyu mama alikuwa na mwingine?"

"Mwingine nani?"

"Mukubwa wa huyu. Siku walikimbia Kiwanja, watu waligawanyika njiani. Wanaume na vijana mbele, wamama na watoto nyuma. Walimwambia ni vizuri vile, ni kijana sasa, atembee na wanaume. Hakumuona tena."

Nilipata kusikia mambo mengi kwenye dirisha lile kwa miaka ile yote. Nilikuwa najisifu kwamba mimi najua kuuliza. Nilijua kuuliza miaka, ukoo, dini, nani anakoroma. Mama alikuwa amesimama mbele yangu pale na kusema mara mbili kwamba hataki kuachana na mwanawe, na mimi sikumuuliza kwa nini. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake pale kwenye simenti. Nikamwambia mimi ndiye mama wa listi, nimekuja. Alinitazama kidogo, kisha akaangalia geti. Heri angenipiga.

Mkubwa wa wakaguzi alikuwa mtu wa makamo, amechoka, macho mekundu. Alituingiza wote, mimi na mama na muzee, akaweka listi mezani.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, shefu."

"Hapa unaandika muzee ana vijana watatu. Muzee anasema wawili. Huyu mama unaandika ana binti mumoja, yeye anasema ana na mvulana. Sasa ulidanganya siku ile, ao unadanganya leo?"

"Sikudanganya. Niliandika kiadabu."

"Adabu gani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, narukaruka, mara baba yangu, mara mama mkwe, mara sauti inavunjika. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri nimalize ili anifukuze. Lakini nilipofika kwenye mkwe anayekesha nje kwenye baridi, niliona mdomo wake unacheza. Naye alikuwa na mama mkwe, bila shaka. Nikatoa daftari la penseli na kulifungua penye ukurasa wa siku ile.

Akasoma polepole, kidole juu ya vitanda. "'Anakoroma,'" akasoma. "'Huyu mama ana kiburi, mpe cha chini.' Wee, mama, wewe ni mutu mubaya." Akafika kabini ya saba. Akasoma mara mbili. Kisha akamtuma askari stoo akamuulize kijana alilala kitanda gani na kulikuwa na nini karibu. Tulingoja. Askari akarudi akasema: kitanda cha juu, dirishani, kuna tundu la umeme lenye kipande cha kandambili, na hakulala kwa sababu ya maji.

"Hiyo inaonyesha alilala pale," akasema mkubwa. "Haionyeshi ni wa nani. Na bega?"

Mama ndiye aliyesimama. Tangu nifike sikuwa nimesikia sauti yake. Alishusha kitenge kwenye bega lake la kushoto, kidogo tu, kama mtu anayeonyesha kidonda kwa muganga, na pale palikuwa na alama ile ile, nyeusi, ngumu, pana kama vidole viwili.

"Ni chukudu," akasema.

Kama hujui, chukudu ni kile kibaiskeli chetu kikubwa cha mbao, kisicho na kiti wala pedali, kinachoshusha kabeji na viazi kutoka Kibumba mpaka Goma. Kushuka kinashuka chenyewe. Kupanda kinavutwa kwa kamba.

"Nilifiwa na bwana," akasema mama. "Tulikuwa tunavuta wawili, na huyu mutoto wangu. Mimi kamba ya kushoto, yeye ya kulia. Tangu ana miaka kumi. Mumulete asimame hapa kando yangu."

Wakamleta. Shati la njano lilikuwa mkononi, limechafuka. Mama akamshika akamgeuza, akasimama naye bega kwa bega kama walivyosimama kila siku mbele ya mzigo, yeye kushoto, mwanawe kulia. Alama mbili, moja huku moja huku, na katikati nafasi ya chukudu. Muzee mshonaji akaanza kulia bila sauti. Mkubwa wa wakaguzi aliangalia muda mrefu, kisha akachukua kalamu, akakata mstari juu ya neno langu "binti mmoja" na kuandika juu yake "na mvulana." Akasukuma listi kwangu. "Tia sahihi, mama wa vitanda."

Nikatia.

Tangu siku ile naandika kila mtoto jina lake na jina la mama yake, hata bato likichelewa, na wanaonung'unika kwenye foleni nawaacha wanung'unike. Lakini siku ile yenyewe haikuishia kwenye listi.

Dada wa ukoo hakupatikana kwenye simu, kwa hiyo tulikwenda kwenye shule iliyofunguliwa kwa watu wa Goma. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watoto wanacheza mpira uwanjani. Mlangoni alisimama mama mmoja mnene na daftari, kalamu nyuma ya sikio. Nilipomwona nilijiona. Alituhesabu kwa macho, haraka, na nilijua atakalosema kabla hajalisema.

"Mama na binti, darasa la kwanza, na wamama. Kijana, darasa la tatu, na wapapa."

Mama wa Kiwanja akasimama. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la shati la njano tangu tulipotoka bandarini, haukuwa umeachia hata tulipovuka barabara. Akageuka akanitazama, mara ya kwanza kwa kweli, na akangoja.

"Huyu atalala na mama yake," nikasema.

Yule mwenye daftari akanishangaa. "Mutoto mukubwa vile?"

"Mukubwa vile," nikasema. "Niandikie mimi aibu hiyo. Andika jina langu."

Hakuandika. Labda aliona kitu usoni pangu, au usoni pa mama. Akasogea mlangoni, tukapita.

Darasani kulikuwa na wamama kama ishirini na watoto wao, mikeka imebanana. Waliinua vichwa walipomwona kijana. Bibi mmoja alijivuta ukutani, mwingine akaondoa sufuria yake, nami nikakunja mkeka niliopewa mlangoni nikauweka pembeni ili nafasi itoshe. Mama akalala kwanza, mgongo ukutani, akamvuta mwanawe mbele yake na binti mbele ya mwanawe, akapitisha mkono juu ya wote wawili. Sekunde chache tu, alikuwa amelala, mdomo wazi, pindo la shati bado ngumini.

Kijana hakulala. Miguu yake ilikuwa mirefu, imeingia hadi kwenye mkeka wa jirani, na masikio yake yalikuwa yamewaka kwa haya, mvulana wa miaka kumi na tano amekumbatiwa mchana kweupe katikati ya wamama wa watu. Alinitafuta kwa macho. Alidhani nitamwambia atoke.

"Lala," nikamwambia. "Ukiondoka ataamka."

Akakunja miguu yake, akalala.